Kabla ya Kumweleza Mgonjwa Maana ya Mateso Yake

Katika safari moja ya huduma za mkoba tulifika kata ya Ngenge, wilayani Muleba, kumwona mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alikwisha kupata tiba ya mionzi, lakini ugonjwa ulirudi, na safari hii ulikuwa umefika kwenye mifupa ya nyonga. Habari zake nazieleza kwa ruhusa ya familia yake, na yale yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha kwa makusudi.

Tulimkuta amelala kwa ubavu, magoti ameyakunja hadi karibu na kifua. Muuguzi niliyekuwa naye alipokuwa akitandika upya kitanda aliiona chini ya godoro chupa ya mofini ya maji. Ilikuwa haijafunguliwa. Mgonjwa alikuwa ameipokea hospitalini majuma matatu yaliyotangulia.

Baada ya kuamkiana, mama yule alinitazama akasema: "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie, nimemkosea Mungu nini?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa kujibu. Nilimweleza kwamba ugonjwa huu huletwa na kirusi kiitwacho papiloma, kwamba watu wengi hukipata kwa njia ya kujamiiana bila kujua, kwamba hukaa mwilini miaka mingi pasipo dalili, na kwamba haya yote ni mambo ya maumbile wala hayahusiani na adhabu. Nilisema kwa upole na kwa mpangilio mzuri. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Waitu, umesema vizuri. Lakini hayo ni ya ugonjwa. Mimi nimeuliza habari zangu."

Nimekuwa daktari bingwa kwa zaidi ya miaka kumi, na sikumbuki mara nyingine niliposahihishwa kwa maneno machache kama hayo. Kosa langu lilikuwa na pande mbili. La kwanza, niliulizwa swali la maana nikatoa jibu la chanzo. La pili lilikuwa zito zaidi, nami nililitambua tukiwa njiani kurudi. Kwa mwanamke wa umri wake, aliyezungukwa na maneno ya majirani, kusikia kwamba ugonjwa wake uliingia kwa njia ya kujamiiana kulikuwa sawa na kusikia shitaka lile lile likitamkwa na mtu mwenye koti jeupe. Sayansi yangu ilikuwa sahihi, lakini pale kitandani ilisikika kama hukumu.

Makala haya yanahusu swali lile. Mimi ni Mkristo, na wengi wa wagonjwa ninaowahudumia katika mkoa wa Kagera ni Wakristo. Kwa hiyo nitasema zaidi juu ya imani hiyo, ingawa ndugu zetu Waislamu nao hukutana na jambo hili hili vitandani. Hoja yangu ni moja: si kazi ya mtumishi wa afya, wala ya mchungaji, kumpa mgonjwa maana ya mateso yake. Kazi yetu ni kumwondolea maumivu yanayoweza kuondolewa, ili yeye mwenyewe apate nafasi ya kuitafuta maana hiyo, nasi tuwe karibu naye wakati anapoitafuta.

Swali ambalo Kagera inalifahamu

Mkoa huu haukulisikia swali la mama yule kwa mara ya kwanza siku ile. Liliulizwa wakati wa vita vya mwaka 1978, meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ardhi ilipotetemeka tarehe 10 Septemba 2016, na ndege ilipoanguka ziwani mjini Bukoba tarehe 6 Novemba 2022. Liliulizwa pia mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa tarehe 21 Machi. Hadi mlipuko ule ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kati yao wamefariki. Miongoni mwa waliougua walikuwamo watumishi wa afya.

Lakini hakuna kipindi kilicholiuliza swali hili kwa muda mrefu na kwa uchungu kama miaka ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Muhimbili mwaka 1987 ulionesha kwamba katika mji wa Bukoba asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na maambukizi; vijijini katika Bukoba na Muleba ilikuwa asilimia 10. Maana yake ni kwamba, mjini, karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa nayo.

Wakati ule majibu hayakukosekana. Palikuwa na waliosema kwamba ni uchawi, na waliosema kwamba ni adhabu ya Mungu kwa wazinzi. Jibu la adhabu lilisemwa kwa sauti kubwa, tena na watu wa dini. Lilikuwa na faida moja tu, nayo ilikuwa ya msemaji: lilimhakikishia kwamba yeye yu salama. Kwa mgonjwa lilikuwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Wengi walifichwa vyumbani, wengine hawakuletwa hospitalini kabisa, na mama wengine walishindwa kuwarudisha watoto wao nyumbani kwa kuogopa maneno ya watu.

Kisha mambo yakabadilika. Kipimo kilipopatikana, elimu ilipoenea na watu walipobadili mwenendo, maambukizi mjini Bukoba yalishuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993 na asilimia 13.3 mwaka 1996. Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Waliokuwa wakihesabiwa kuwa wamehukumiwa kufa wakarudi mashambani, wakasomesha watoto, wakazeeka. Yafaa tujiulize: kama ugonjwa ule ulikuwa hukumu ya Mungu, je, hukumu hiyo ilifutwa na vidonge? Jibu la adhabu halikushindwa kwa hoja za wanatheolojia; lilishindwa na wagonjwa waliopata nafuu hata wakakaa kwenye viti vile vile vya kanisa pamoja na waliowahukumu.

Hata hivyo miaka ile haikukosa maana. Ilipatikana mahali pengine. Ilikuwa kwa nyanya waliolea wajukuu saba au wanane katika nyumba moja. Ilikuwa kwa wanawake wa jumuiya waliokwenda kuwaogesha wagonjwa ambao ndugu zao walikuwa wamewakimbia. Ilikuwa kwa vyama kama WAMATA, kilichoanzishwa mwaka 1989 na Theresa Kaijage ili familia zilizoguswa na ugonjwa zisikae peke yao. Watu hao hawakumweleza mgonjwa kwa nini anateseka. Walikaa naye, na kwa kukaa naye wakampa sababu ya kuamini kwamba maisha yake bado yalikuwa na thamani.

Imani haikuyasifu maumivu

Tuliporudi kwa mama yule siku nyingine, nilimwuliza kwa nini hakuinywa dawa. Alisema kwamba mmoja wa waliokuja kumwombea alimwambia kuwa mofini ni dawa ya waliokata tamaa, na kwamba Mkristo wa kweli huubeba msalaba wake bila kulewa. Binti yake, kwa upande wake, alihofu kwamba mama angekuwa mtumwa wa dawa. Basi chupa ikafichwa.

Sina nia ya kumlaumu aliyesema hivyo. Alikuja kwa upendo, na ni wengi ambao hawaji kabisa. Lakini naomba tuyapime maneno yake kwa Maandiko anayoyaamini yeye mwenyewe.

Kitabu cha Ayubu kinaeleza juu ya marafiki watatu waliokuja kumfariji mtu aliyepoteza mali, watoto na afya. Kwa siku saba walikaa naye chini bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Hizo ndizo siku walizofanya vema. Walipofungua vinywa na kuanza kumthibitishia kwamba lazima alitenda dhambi, ndipo walipopotoka. Na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea wao, wala hamkemei Ayubu aliyelia na kuhoji. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona kipofu na mara wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili, kisha anamhudumia yule mtu. Mtume Paulo naye, alipokuwa na mwiba katika mwili wake, hakuona haya kuomba mara tatu uondolewe.

Padre mmoja, rafiki yangu, alinipinga kwa hoja nzuri. Alinikumbusha kwamba Yesu pale msalabani alipewa divai iliyochanganywa na kitu cha kupunguza maumivu, naye akaikataa. Je, mgonjwa Mkristo asifuate mfano huo? Nilifikiri sana juu ya hoja hiyo. Jibu langu ni kwamba anaweza, kama ameamua mwenyewe, kwa akili timamu na kwa hiari. Nimewahi kumhudumia mtu aliyeomba dozi ndogo ili abaki macho kwa ajili ya sala, nasi tulimheshimu. Lakini Yesu aliikataa divai yake mwenyewe. Hakuna mahali alipomwambia mgonjwa yeyote avumilie kwanza. Na katika mfano wa Msamaria mwema, aliyesifiwa ni yule aliyemimina mafuta na divai katika majeraha ya mtu mwingine.

Kanisa Katoliki lililitamka jambo hili wazi zamani. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII aliulizwa na madaktari wa usingizi kama ni halali kutumia dawa kali za maumivu kwa mgonjwa mahututi. Alijibu kwamba ni halali, hata kama dawa hizo zingeweza kufupisha maisha, mradi nia ni kuondoa maumivu na hakuna njia nyingine, na mradi mgonjwa amepewa nafasi ya kutimiza wajibu wake mwingine. Papa Yohane Paulo II alipoandika barua yake ya kitume juu ya maana ya mateso ya Mkristo, tarehe 11 Februari 1984, aliihitimisha kwa kuzungumzia Msamaria mwema. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amepigwa risasi miaka mitatu nyuma, na baadaye alizeeka na ugonjwa wa Parkinson mbele ya macho ya dunia.

Sisi wa Kagera tunaye wetu wa kumkumbuka. Askofu Josiah Kibira, mwana wa Bukoba, aliliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani tangu mwaka 1977 hadi 1984, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Naye katika miaka yake ya mwisho aliugua Parkinson, hadi alipofariki mwaka 1988. Anayesema kwamba ugonjwa ni dalili ya imani haba na atueleze habari za watu kama hao.

Maumivu yana pande nne

Udaktari nao una la kujifunza. Kwa muda mrefu tulifundishwa kuuona mwili kama chombo kilichoharibika, na maumivu kama kengele inayotuonesha mahali pa kutengeneza. Aliyetuamsha ni Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua mjini London nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa. Alitufundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hiyo yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Anayelia usiku anaweza kuwa analia kwa sababu ya mfupa, kwa sababu ya hofu, kwa sababu ya ada ya shule ya mtoto, au kwa sababu ya jambo lililofanyika miaka thelathini iliyopita. Na aghalabu yote huja pamoja. Huko ndiko ilikotoka huduma tunayoiita leo tiba shufaa.

Hapa Afrika Mashariki kazi hiyo ilisogezwa mbele na Dkt. Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Alionesha kwamba mofini ya maji inaweza kutayarishwa kwa gharama ndogo na kunywewa nyumbani kijijini. Tangu mwaka 2004 nchini Uganda wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kuiandika, kwa sababu madaktari ni wachache na wagonjwa wako mbali. Ni mfano wa kuufikiria kwa makini, hasa kwa kata zilizo mbali na hospitali.

Kwa kuwa hofu ya dawa hii ni kubwa, niseme machache. Mofini ya maji hunywewa kwa kawaida kila baada ya saa 4, kwa saa maalumu, bila kungoja maumivu yarudi. Mwanzoni yaweza kuleta usingizi na kichefuchefu, ambavyo hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui. Kwa hiyo mgonjwa apewe pamoja nayo dawa ya kulainisha choo. Ikitumiwa kwa ajili ya maumivu na kwa usimamizi wa mtaalamu, ni nadra mgonjwa wa saratani kuwa mraibu, na dozi sahihi haiharakishi kifo. Dozi isiongezwe wala kukatishwa ghafla bila ushauri, na chupa ihifadhiwe mbali na watoto.

Daktari Viktor Frankl wa Vienna, aliyenusurika katika kambi za mateso za Wanazi, aliandika mwaka 1946 kitabu mashuhuri juu ya binadamu anavyotafuta maana. Wengi humtaja ili kusema kwamba mateso yana faida. Husahau onyo lake, kwamba mateso si sharti la kupata maana, na kwamba yakiwa yanaweza kuepukwa, jambo lenye maana ni kuondoa chanzo chake.

Yaliyotokea Ngenge

Siku ile ya kwanza, baada ya mama yule kunisahihisha, nilinyamaza. Kisha nikamwuliza: "Mama, wewe mwenyewe wadhani ni nini?" Akaanza: "Nilikuwa na binti yangu…" Maumivu yakamkata. Akajaribu tena, yakamkata tena. Akageukia ukutani. Hapo niliona kwa macho yangu jambo ambalo vitabu husema kwa maneno marefu: maumivu makali hayamwachii mtu nafasi ya kutafuta maana yoyote. Hayamtakasi wala hayamfundishi. Humnyang'anya hata sentensi aliyotaka kuimaliza.

Tuliporudi juma lililofuata na kuelewa sababu ya chupa kufichwa, muuguzi alikaa na familia muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi. Mwinjilisti wa mtaa aliitwa. Alisikiliza, akaishika chupa mkononi, akaomba Mungu aibariki dawa na mikono itakayoitoa, kisha akampa mama yule kipimo cha kwanza yeye mwenyewe. Nakiri kwamba sala ile fupi ilifanya kazi ambayo maelezo yangu yote yasingeifanya.

Katika ziara yetu ya tatu tulimkuta ameketi, ameegemea mto. Alikuwa amelala usiku kucha kwa siku kadhaa. Ndipo akaimalisha habari yake. Binti yake aliugua mjini katika miaka ya UKIMWI, akatuma ujumbe kwamba anataka kurudi nyumbani. Mama hakumruhusu, kwa kuogopa maneno ya watu. Binti alifia ugenini, akamwacha mtoto aliyelelewa na wengine. "Nilifikiri hii ndiyo malipo yake," alisema. "Sikutaka dawa, kwa sababu niliona ninalipa."

Sikumwambia kwamba hakutenda kosa, kwa maana yeye alijua alilolitenda. Sikumwambia pia kwamba amesamehewa, kwa maana hilo halikuwa langu kulitoa. Nilimwuliza tu ni nani angependa kumweleza. Alimtaja mchungaji, kisha akamtaja mjukuu yule, ambaye sasa ni mtu mzima. Wote wawili walikuja. Nimeambiwa kwamba mjukuu alikaa hadi mwisho, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpa dawa kwa saa zake. Mama yule alifariki baada ya majuma matano, nyumbani, katikati ya migomba yake.

Je, alipata maana ya mateso yake? Sikumwuliza. Ninachojua ni kwamba alikufa akiwa hajioni tena kama mdaiwa.

Tufanye nini

Kwenu watumishi wenzangu: tunapochukua maelezo ya mgonjwa, tuulize pia kinachompa nguvu, kinachomtia hofu, na mtu wa imani ambaye angependa kumwona. Maswali hayo huchukua dakika tatu. Tusihubiri, hata kama tunaamini. Na tusidharau, hata kama hatuamini. Mgonjwa akiuliza "kwa nini mimi?", tusikimbilie kwenye virusi na vinasaba. Tumwulize yeye anawaza nini, kisha tunyamaze. Lakini kabla ya yote tumwulize maumivu yake ni kiasi gani, na tuyatibu.

Kwenu viongozi wa dini: neno lenu kitandani lina uzito kuliko letu. Mkisema dawa ni dalili ya imani haba, chupa itafichwa chini ya godoro. Mkiibariki, itanywewa. Naomba vituo vya afya na makanisa yaliyo jirani wakae pamoja walau mara moja kwa mwaka kuzungumza juu ya tiba shufaa. Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Kanisa Katoliki huiadhimisha kila tarehe 11 Februari, ingefaa kwa kazi hiyo.

Na kwako wewe unayeugua, au unayemwuguza mpendwa wako: hulazimiki kuteseka ili kumthibitishia Mungu kwamba unampenda. Kuomba dawa si kukata tamaa. Kuuliza "kwa nini?" si kufuru; Ayubu aliuliza mpaka mwisho, na hakuna mahali katika kitabu chake alipoelezwa sababu. Alichopewa ni kujua kwamba aliyekuwa akimlilia alikuwa amemsikia. Sisi wanadamu hatuwezi kutoa jibu lililo kubwa kuliko hilo, ila twaweza kuanza kwa kusikia. Na ili mgonjwa aweze kusema mpaka mwisho nasi tukasikia, kwanza tuhakikishe ile chupa imefunguliwa.